Kinanda Kimoja, Okestra Nzima

Ukimuuliza shabiki wa Nightwish, bendi ya metali ya Ufini, uanze wapi, jibu analo mdomoni: albamu ya Once ya mwaka 2004, na kama una haraka nenda moja kwa moja kwenye wimbo wa "Nemo". Anayejiona mjuzi zaidi atakutuma kwenye Oceanborn ya 1998. Angels Fall First hakutajii. Ilitoka Novemba 1997, ndiyo albamu kifungua mimba wa bendi hiyo, lakini hata waliokusanya kila kazi yao huiruka. Tuomas Holopainen mwenyewe, mpiga kinanda na mtunzi mkuu wa bendi, amewahi kusema waziwazi kwamba sauti yake humo haimpendezi.

Mimi naipenda. Naipenda kuliko baadhi ya zile kubwa zilizofuata, na sitaki kuitetea kwa huruma, kama vile mtu anavyosifu mchoro wa mtoto. Nataka kusema kwamba ni albamu nzuri, imetimia, na kwamba sisi tuliokulia Mombasa tuna masikio yaliyotayarishwa kuisikia vizuri kuliko hata wale walioandikiwa.

Iliingia kwangu kwa fleshi. Binamu yangu alikuwa akifanya kazi bandarini Kilindini, na fleshi yake ilijaa muziki wa metali, folda kwa folda, kila bendi na miaka yake. Mimi ni mtu wa kuanza mwanzo: kitabu nakishika kwa ukurasa wa kwanza, bendi naishika kwa albamu ya kwanza. Basi nikaisikia hii kabla sijaambiwa na yeyote kwamba ni dhaifu, na kabla sijasikia hizo zilizokuja kuifunika. Mtu aliyefika kwa Once kwanza, akasikia okestra halisi na kwaya, akirudi nyuma hadi 1997 ataona amepewa kikombe kitupu. Mimi nilikuja na mikono mitupu, nikakikuta kimejaa.

Kuielewa inafaa kujua ilivyozaliwa. Kitee ni mji mdogo mashariki mwa Ufini, karibu na mpaka wa Urusi. Julai 1996, baada ya usiku wa kukaa na marafiki kando ya moto, Holopainen alipata wazo la kuanzisha mradi wa muziki wa utulivu: kinanda, gitaa kavu na sauti ya mwanamke. Hakuna dramu, hakuna umeme. Akamchukua Emppu Vuorinen kwa gitaa, na Tarja Turunen, msichana wa mji uleule aliyekuwa akisomea uimbaji wa kitaalamu. Wote walikuwa vijana wadogo. Holopainen alizaliwa Desemba 1976, Tarja Agosti 1977, na Emppu mwaka mmoja baada ya Tarja. Wakarekodi demo, yaani rekodi ya majaribio, ya nyimbo tatu.

Kisha jambo likatokea ambalo kwangu ndilo ufunguo wa albamu nzima. Sauti ya Tarja ilikuwa imekua. Mafunzo yalikuwa yameipa nguvu na ukubwa kiasi kwamba gitaa kavu halikuweza tena kusimama pembeni yake. Kwa hivyo wakaamua kuongeza uzito: gitaa la umeme badala ya lile kavu, na mwanzoni mwa 1997 akaja mpiga dramu, Jukka Nevalainen. Watu wengi hudhani metali ya namna hii huanza na gitaa, halafu anatafutwa mwanamke wa kuipamba juu. Hapa ilikuwa kinyume. Umeme uliletwa ili umfikie mwimbaji. Ukishajua hilo, unaanza kusikia kwa nini gitaa za Angels Fall First zinakaa chini kidogo, zikimpisha.

Mwaka huohuo wakaingia studio ya Huvikeskus, palepale Kitee, wakarekodi nyimbo saba. Nia yao ilikuwa kupata demo ya kuzipelekea kampuni za muziki. Spinefarm Records ya Helsinki ikazisikia, ikaona hii si demo, ni albamu. Wakaongeza nyimbo nyingine. Toleo la kwanza kabisa lilikuwa la nakala 500 tu. Hawakuwa na mpiga besi, hivyo Emppu akapiga gitaa na besi zote mbili. Mwimbaji wa kiume hawakuwa naye vilevile, hivyo Holopainen akaimba mwenyewe. Okestra, kila fidla, kila kwaya ya mbali, kila filimbi ambayo si ile halisi iliyopigwa na mgeni wao, ni kinanda cha mtu mmoja.

Hapo ndipo Mombasa inapoingia.

Ami yangu mmoja, nduguye baba, amepiga kinanda kwenye taarab za harusi tangu mimi sijazaliwa. Jioni moja nyumbani kwetu Kibokoni nilikuwa nimekaa barazani na hedfoni masikioni, akaniuliza ni nini kilichoninyamazisha hivyo. Nikampa. Alizivaa, akafumba macho, kama afanyavyo anapojifunza wimbo mgeni, na vidole vya mkono wa kulia vikaanza kugonga gotini. Ulikuwa ule wimbo uliobeba jina la albamu. Akausikiliza hadi mwisho bila kusema neno, halafu akaondoa hedfoni upande mmoja.

"Wapiga fidla hawa ni wangapi?"

"Hapana hata mmoja, ami. Ni kinanda kitupu."

"Najua ni kinanda. Nauliza yeye amewafanya wangapi."

Sikuwa nimewahi kuulizwa swali kama hilo juu ya muziki, na tangu siku ile sijaacha kuliuliza. Akanieleza akionyesha kwa vidole juu ya goti. Mpiga kinanda anayetaka fidla lazima kwanza aamue ni watu wangapi amewaketisha pale. Wakiwa wanne, asibonyeze noti kumi kwa pamoja, kwani watu wanne hawana mikono hiyo. Mpiga fidla naye upinde unamfikia mwisho na lazima augeuze, basi kinanda nacho kiachie nafasi ndogo, kipumue. Asiyejua hayo hubonyeza funguo zote na kukanyaga pedali, ikawa uji. "Huyu kijana," akasema ami, "amewaketisha wachache. Na amewaacha wapumue. Binti naye ana pumzi."

Sikiliza albamu ukiwa na hilo akilini. Holopainen wa 1997 hakuwa na vifaa vya kuiga okestra kubwa, na hakujaribu. Fidla zake ni nyembamba, zimekaa nyuma, mara nyingi zinashika sauti moja ndefu huku mkono mwingine ukicheza melodi kwa sauti ya piano au filimbi. Mwaka 2002, kwenye Century Child, bendi hii ilitumia okestra ya mji wa Joensuu, na kwenye Once wakaenda London kurekodi na wapigaji wa huko. Kazi hizo ni kubwa na zinastahili sifa zake. Lakini kinanda cha albamu ya kwanza hakimsubiri mtu yeyote aje kukijaza. Kilipangwa kiwe hivyo kilivyo.

Sisi tulizoea haya zamani. Taarab ya Mombasa iliwahi kuwa na fidla, udi na kodiani, na baadaye vikundi vingi vikaweka kazi hiyo yote mikononi mwa mtu wa kinanda, huku tashkota, ile ala ya Kijapani ya vitufe na nyaya, ikichora melodi juu. Nimehudhuria harusi ambapo mtu mmoja na kinanda chake ndiye aliyekuwa fidla, kanuni, filimbi na nusu ya ngoma, na kina mama wakatunza hadi usiku wa manane bila mmoja kuuliza okestra iko wapi. Masikio yetu yanajua kumalizia. Unaposoma wakosoaji wakisema sauti za Angels Fall First ni za bei nafuu, ujue wamekulia mahali ambapo okestra hukaa jukwaani mbele yao na mtu akaihesabu kwa macho.

Sasa nyimbo zenyewe.

"Elvenpath" inafungua, nayo ni pawa metali ya kweli: mwendo wa kasi, melodi ya kuimbika, misitu na viumbe wa hadithi. Ilikuwa lugha ya wakati ule. Mwaka huohuo wa 1997 Rhapsody ya Italia ilitoa Legendary Tales, na Stratovarius, Wafini wenzao, walitoa Visions. Tofauti ni kwamba wale wengine walikuwa na waimbaji wa kiume waliopanda juu kwa nguvu za koo, na hapa juu kabisa kuna soprano iliyofunzwa, isiyohangaika hata kidogo. Dramu ni kavu, zinasikika kama zimepigwa katika chumba kidogo. Hilo ni kweli na sitalificha.

"Tutankhamen" ndio wimbo nilioupenda kwanza, na bila shaka ni kwa sababu ya hapa kwetu. Unasimulia kaburi la farao lililofunguliwa na Howard Carter mwaka 1922, na melodi yake inazunguka kwa mizani ya Mashariki. Wapenzi wengi wa metali huuchukulia kama mapambo tu. Lakini taarab yetu ilinyonya Misri kwa miaka na miaka, kwa Umm Kulthum na kwa okestra za Cairo, hivyo mtu wa Mji wa Kale anapousikia anajua mara moja ni wapi Mfini huyu anaotea na wapi amepatia. Amepatia zaidi ya nilivyotarajia. Pale kinanda kinaposhuka ngazi kwa ngazi chini ya sauti ya Tarja, ami angeweza kuingiza beti la Kiswahili na watu wasishtuke.

Wimbo unaofuata hapo mimi huuruka. Maneno yake ni ya kijana aliyetaka kushtua watu, na muziki hauna cha kuyaokoa. "Astral Romance" ni mzuri, mrefu kidogo kuliko haja yake.

Halafu kuna "Lappi". Huu ni wimbo mmoja wenye sehemu nne na dakika zipatazo tisa, na ndio unaofunga albamu. Umepewa jina la ile nchi ya kaskazini ya Ufini, ya theluji na maziwa yaliyoganda. Sehemu ya kwanza Tarja anaiimba kwa Kifini, na hapo anafanya jambo ambalo baadaye alilifanya kwa nadra: anaipunguza sauti. Ule mtetemo wa opera karibu unapotea. Anaimba kama mtu anayemwimbia aliye naye chumba kimoja, polepole, bila kupanda, na nyuma yake hakuna karibu chochote. Baadaye ngoma zinaingia, kisha umeme unaingia, gitaa linatanda, na kwa mara moja katika albamu nzima Holopainen anawaketisha wapiga fidla wote alionao. Kisha anawatoa tena. Sehemu ya mwisho, "Etiäinen", ilikuwamo kwenye ile demo ya kwanza, kabla ya dramu na kabla ya umeme. Kwa hivyo albamu inayoanza na mbio za pawa metali inamalizikia pale bendi ilipoanzia, kwa muziki wa kando ya moto. Hakuna aliyewalazimisha kuipanga hivyo, na kampuni nyingi zingetaka kinyume chake. Mimi nauona mpango huo kuwa uamuzi wa kijasiri kuliko wowote mwingine humo ndani.

Mombasa mwezi wa Machi, kaskazi ikishakufa na mvua za masika bado hazijaja, hewa husimama kabisa. Kuta za Mji wa Kale hurudisha usiku joto lililomezwa mchana, na watu hupanda darini kutafuta upepo usiokuwapo. Mara nyingi "Lappi" nimeisikiliza huko, jasho likinitiririka, na haijawahi kunifanya nihisi baridi. Inanifanya nihisi nafasi. Mtu anayekaa kwenye vichochoro ambavyo mikono miwili inagusa kuta zote mbili anajua nafasi ni kitu gani.

Najua yanayosemwa. Nimeambiwa nyumbani, tena na watu ninaowaheshimu, kwamba huu ni muziki wa mashetani, na kwamba kijana wa Kimvita hana biashara na nywele ndefu na gitaa za kelele. Nimejibu kwa adabu na kwa mifano. "The Carpenter", wimbo uliotolewa kama singo kwenye diski moja na bendi nyingine mbili za Spinefarm, Children of Bodom na Thy Serpent, unamzungumzia seremala ambaye wasikilizaji wengi wanamtambua kuwa ni Yesu, na unamzungumzia kwa heshima. Kuhusu ugeni, mji huu haujawahi kuuogopa muziki wa mbali. Juma Bhalo, Mungu amrehemu, alichukua melodi za filamu za Kihindi akazitia mashairi ya Kimvita, na leo mtu akisema Bhalo si wetu atafukuzwa barazani. Nairobi nako metali imeshaota mizizi. Bendi ya Duma ilitoa albamu yake mwaka 2020 kupitia kampuni ya muziki ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, muziki mkali kupita wowote ninaouzungumzia hapa. Mimi sijaomba ruhusa ya kupenda nyimbo za Wafini. Nimewasikilizisha wazee "Lappi" wakanyamaza wakasikiliza, na huo ndio mjadala wenyewe.

Limebaki suala la sauti ya Holopainen, ambalo ndilo hasa lililoiponza albamu hii. Anaimba pamoja na Tarja katika nyimbo kadhaa, zikiwamo "Beauty and the Beast" na "The Carpenter". Sauti yake ni ya chini, haikufunzwa, na mara nyingine inaning'inia chini kidogo ya noti inayotakiwa. Karibu kila aliyeikosoa albamu amelenga hapo, na mwenyewe amekubaliana nao kiasi kwamba hakuimba tena: katika Oceanborn sehemu ya kiume alipewa mwimbaji mgeni, Tapio Wilska, na kuanzia Century Child bendi ilikuwa na Marko Hietala, mwenye sauti kama radi.

Mimi nasikia kitu kingine. "Beauty and the Beast" ni majibizano ya mrembo na yule aliyelaaniwa kuwa mnyama, na kila mmoja ana zamu yake. Tarja anaimba kama mtu ambaye hajawahi kukosea noti. Upande wa pili anajibu mtu ambaye dhahiri hawezi kumfikia, anajua hawezi, na anaimba hata hivyo. Hiyo ndiyo hadithi yenyewe! Ungemtafuta mwimbaji wa kuigiza mnyama anayeona haya mbele ya mrembo, ungehangaika mwaka mzima usimpate aliye mkweli kama huyu. Waliojibizana mle studio walikuwa vijana wa mji mmoja mdogo, mmoja akipanda kwa kasi kuliko wote waliomzunguka, na mwingine ndiye aliyetunga muziki wa kumpandisha. Hilo linasikika. Halikuigizwa.

Albamu ilipotoka ilifika nafasi ya 31 katika chati ya Ufini, si haba kwa watoto wa Kitee. Tamasha lao la kwanza walilifanya mjini kwao, tarehe 31 Desemba 1997. Majira ya baridi yaliyofuata walipiga mara saba tu, kwa sababu Emppu na Jukka walikuwa jeshini na Tarja alikuwa akimaliza masomo. Ikaja Oceanborn ikaibeba bendi, na mwaka mmoja tu baada ya kutoka, Angels Fall First ikawa jambo la zamani.

Lipo toleo la jukwaani la "Beauty and the Beast", lililorekodiwa Tampere mwezi wa Desemba 2000 kwa ajili ya From Wishes to Eternity. Sehemu ya Holopainen inaimbwa na Tony Kakko wa Sonata Arctica, mmoja wa waimbaji bora wa pawa metali wa kizazi chao. Bendi imekomaa, dramu zina uzito, gitaa limenona, na Kakko anazishika noti zote bila taabu na kumfikia Tarja bega kwa bega. Mashabiki wengi wanaliona hilo ndilo toleo halisi la wimbo, na ukipima kwa ufundi wana haki. Lakini Kakko anaimba kama mtu aliyekwisha kukubaliwa, na mnyama wa hadithi bado hajakubaliwa. Kwa wimbo huo mimi nachukua ile ya 1997, yenye sauti ya Tuomas, na nikiwa na wageni naiweka hiyohiyo.